Maji na Ukuta

Msomaji, katika vitu vyote vinavyomtumikia binadamu hapana kimoja kilicho kinyenyekevu kama maji, wala hapana kimoja kilicho kishindani kama maji. Yatie katika kikombe, yatachukua umbo la kikombe. Yatie katika mtungi, yatachukua umbo la mtungi. Ukiyaelekeza bondeni huenda bondeni bila ya kunung'unika. Lakini ukiyaonyesha tundu moja, dogo kama ncha ya sindano, hayatalisahau mchana wala usiku. Hayana haraka, hayana hasira, na hayalali. Habari hizi nilizisoma vitabuni nilipokuwa kijana, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa umri wako. Walakini zilikaa katika ulimi wangu tu, hazijashuka mikononi. Zilishuka asubuhi ile kipande cha dari kilipoanguka juu ya mto wa kulalia wa shangazi yangu.

Nakaa Mombasa, katika Mji wa Kale, ndani ya nyumba iliyojengwa na babu ya baba yangu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nazo ni nene hata mtu huweza kuketi dirishani kwa raha kama aketiye barazani. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hata ukuta. Juu ya boriti yapo mawe bapa, na juu ya mawe ipo zege ya chokaa. Vyumba vyake vyote ni vyembamba na virefu, kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Mimi, mke wangu na mwanangu twakaa juu. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mjane ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akaa chini. Chumba chake cha kulala kiko sawasawa chini ya bafu letu.

Bafu hilo nililitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe mwaka 2014. Hapo kale lilikuwa chumba cha giza chenye pipa la maji na kata, na sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyochakaa. Nikatamani kuwa na bafu la kisasa kama niliyoyaona katika nyumba za rafiki zangu. Nilinunua sinia la bafu, yaani sakafu ndogo nyeupe ya plastiki ngumu, yenye kingo, ambayo mwogaji husimama juu yake chini ya bomba la mvua, na ambayo hukusanya maji na kuyapeleka katika tundu la kutolea. Nilinunua vigae vyeupe vya ukutani vyenye mstari wa samawati. Mshahara wa mwalimu haukutosha kumlipa fundi, na kama ningesema kweli yote, hata ungetosha nisingemwita. Nilidhani kwamba mtu ajuaye sababu za mambo hawezi kushindwa na kazi ya mambo yenyewe. Nilipomaliza niliwaita jirani waje kutazama. Shangazi alipanda ngazi pole pole, akashika ukuta kwa kiganja, akasema, "Mashaallah, mwanangu, waweza kujiona uso humu." Nikavimba kama kaimati ndani ya mafuta.

Miaka miwili haikutimia kabla ya dalili kuonekana. Udongo mweupe uliojaza nafasi baina ya vigae, ambao mafundi huuita grauti, uligeuka mweusi katika pembe. Ufa mwembamba kama unywele ulitokea mahali ambapo vigae hukutana na sinia. Kigae kimoja, nilipokigonga kwa kidole, kilitoa sauti ya kitu kitupu. Nami nilifanya nini? Niliukwangua weusi, nikapaka grauti mpya. Nilinunua silikoni, ule mpira laini utokao katika mrija na kukauka, nikaupaka juu ya ufa. Baada ya miezi mitatu ufa ulirudi. Nikapaka silikoni nyingine juu ya ile ya kwanza. Ufa ulirudi tena. Nikapaka mara ya tatu, nene zaidi, hata pembe ya bafu ikawa kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Wakati huo wote nilijisifu kwa ile methali tuliyofundishwa sote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba ufa, nilijiambia, tena mara tatu. Basi ukuta sitaujenga.

Haikunijia hata siku moja kushuka chini na kutazama dari. Nilimwamkia shangazi kila siku sebuleni mwake, lakini chumba cha kulala cha shangazi si mahali pa mpwa wake kuingia pasipo haja. Mke wangu aliingia mara moja, shangazi alipokuwa na homa, akaona beseni limewekwa sakafuni karibu na kitanda. Alipouliza, aliambiwa ni la kunawia. Sisi tulisadiki.

Ilikuwa mapema mwezi wa Agosti, mwaka 2018, shule zikiwa zimefungwa. Shangazi alikuwa ameamka kwa sala ya alfajiri na kutandika msala wake katika chumba cha pili. Tulisikia kishindo kizito, kisha kimya. Niliposhuka nilikuta vumbi la chokaa limejaa hewani na kipande cha dari, kipana kama sinia la pilau, kimelala juu ya mto ambao kichwa chake kiliondoka dakika chache tu kabla. Katika tundu lililobaki juu, boriti mbili zilionekana, nyeusi, zikimeta kwa maji. Na chini, kando ya kitanda, lilikuwapo lile beseni, limejaa nusu.

Nilimwuliza, "Shangazi, maji haya yameanza lini?"

Akanijibu, "Mwaka wa pili sasa, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitikisa vumbi katika mtandio wake kwanza. Kisha akasema, "Ulikuwa umekipenda sana kile chumba chako. Ungeniona mimi ni mtu wa kukutilia nuksi. Nikasogeza kitanda hatua moja, nikaweka beseni. Lilipojaa nilimwaga."

Msomaji, nimepata kukemewa na wakubwa wangu wa kazi, nimepata hata kutukanwa njiani, lakini sikumbuki maneno yaliyonikata kama hayo yaliyosemwa pasipo ukali wowote. Baadaye nilifanya hesabu ambayo sasa nawapa wanafunzi wangu. Matone 20 ya maji hufanya takriban mililita 1. Tuseme kila mtu aogapo, dari hutona tone moja kwa sekunde kwa muda wa saa moja: hayo ni matone 3,600, yaani mililita 180, kikombe kidogo cha chai. Watu watatu wakioga mara moja kwa siku, ni mililita 540. Kwa mwaka mmoja ni takriban lita 197, pipa zima kasoro kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na shangazi yangu, mwenye magoti mabovu, alikuwa amebeba na kumwaga mapipa mawili ya uzembe wangu.

Siku ile ile nilikwenda kwa fundi mmoja mzee, jirani yetu, aliyekwisha acha kazi kwa sababu ya macho. Alikuja na mkongojo wake na msumari mrefu. Aliuchoma msumari katika boriti ya kwanza, ukazama kama katika papai bivu. Aliuchoma katika ya pili, ukazama vile vile. Aliuchoma katika ya tatu, ukakataa. Akasema, "Alhamdulillahi, hii ingali nzima." Kisha akapanda juu, akasimama ndani ya sinia la bafu, akainua mguu mmoja na kuushusha, akainua wa pili na kuushusha, akaniamuru niweke jicho langu karibu na pembe. Nikaona kwa mara ya kwanza jambo ambalo lilikuwa likitendeka kila siku mbele yangu. Kila alipokanyaga, sinia lilishuka kiasi cha unene wa ukucha, na ile silikoni yangu nene ikajitenga na kigae kama mdomo ufunguao kusema. Alipoinua mguu, mdomo ulifumba.

Mzee aliniambia, "Mwalimu, wewe uliziba. Lakini hukuuliza ufa huu unatoka wapi."

Kwa saa nzima alinionyesha makosa yangu, nami nakuandikia hapa kama nilivyoyapokea, maana huenda siku moja ukawa na nyumba yako.

Kosa la kwanza lilikuwa chini ya sinia. Nilikuwa nimelikalisha juu ya mabonge manne ya udongo wa saruji, moja kila pembe, na katikati palikuwa patupu. Sinia la namna hiyo halitulii. Likikanyagwa hupinda, na likipinda huvunja kila kitu kilichopakwa ukingoni mwake. Ningeweza kulipaka silikoni kila mwezi hata uzee wangu. Ufa ungerudi, kwa sababu kilichouzaa kilikuwa bado hai.

Kosa la pili lilikuwa la mpango. Nilibandika vigae kwanza hata sakafuni, kisha nikalisukuma sinia mbele yake. Basi maji yaliyoteremka juu ya vigae yalifika mahali pa kuungana na kuteremka moja kwa moja nyuma ya sinia. Ilipasa sinia litangulie, na vigae vije kusimama juu ya ukingo wake, kama bati la juu linavyolala juu ya bati la chini katika paa. Hapana mtu apauaye nyumba kwa kuanzia juu, nami nilikuwa nimefanya hivyo hivyo bafuni.

Kosa la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, nalo ni kosa la watu wengi. Nilidhani kwamba vigae huzuia maji. Kigae chenyewe, kwa kuwa kimechomwa na kupakwa kioo, ni kweli hakipitishi maji. Lakini ukuta wa vigae ni vigae pamoja na nafasi zake, na grauti ya saruji iliyomo katika nafasi hizo ina vinyweleo. Wewe umesoma, au utasoma, kwamba katika mrija mwembamba maji hujivuta yenyewe, na kadiri mrija ulivyo mwembamba ndivyo yanavyopanda zaidi. Nimelionyesha jambo hilo mbele ya wanafunzi kwa mirija ya kioo na maji yaliyotiwa wino, nikawapa mtihani, nikawasahihisha. Na kumbe nyuma ya mgongo wangu, kila asubuhi nilipooga nikiimba, ukuta wangu ulikuwa ukifanya jaribio lile lile, tena bila ya makosa. Vigae ni nguo ya ukuta. Kinachozuia maji ni ngozi iliyo nyuma yake, nami sikuweka ngozi yoyote.

Kazi ya kubomoa ilinichukua siku tatu kwa nyundo na tindo. Nyuma ya vigae vile vyeupe palikuwa na plasta iliyolainika kama uji ulioganda, imeota kuvu, inanuka kama kisima kilichofungwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kubadili boriti mbili zilizooza sikuthubutu; kazi hiyo ilifanywa na mafundi wenye ujuzi, wakiwa wameegemeza sakafu yote kwa nguzo kutoka chini. Tangu siku hiyo shangazi alihamia juu katika chumba cha mwanangu, nasi sote tukawa twateremka kuoga katika choo chake cha chini, kwa ndoo na kata. Hakutuambia neno. Alituachia sabuni mpya tu juu ya ukuta mfupi.

Plasta mpya ilipomalizika, nilitaka kuanza kupaka na kubandika kesho yake. Mzee alikataa. Alisema saruji hukomaa, haikauki tu, na kwamba tungoje wiki 4. Alinionya pia juu ya jambo ambalo nisingelijua: ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, hunywa unyevu na kuutoa, na mtu akiufunga kwa saruji na rangi za mafuta pande zote mbili huufanya kama mtu aliyevikwa makoti mawili juani. Basi tuliufunga upande wa bafu peke yake, ambako maji hupiga, na upande wa nje tukaupaka chokaa tupu ili unyevu wake upate pa kutokea.

Katika wiki zile za kungoja tulikaa barazani jioni, naye akanisimulia jinsi wazee wake walivyochoma matumbawe juu ya magogo hata yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakaiacha shimoni miezi mingi kabla ya kuitumia. Nikakumbuka safari niliyowaongoza wanafunzi kwenda Gedi, ule mji wa mawe ulio karibu na Malindi, ambao wakazi wake waliuacha katika karne ya 17 na ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Pale tuliona ndani ya nyumba vyoo na mahali pa kutawadhia, na visima, na kuta ambazo katika sehemu zake plasta ya chokaa ingali imeshika. Nikakumbuka na birika za Lamu, zilizopakwa chokaa laini, ambamo watu hufuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Watu hao hawakuwa na silikoni wala saruji ya viwandani. Saruji ya Portland yenyewe ilipewa hati na Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824 tu. Walikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho, yaani subira ya kungoja chokaa iive shimoni. Nilicheka peke yangu nilipofikiri kwamba mimi, mwenye shahada, sikuweza kungoja plasta mwezi mmoja.

Wiki 4 zilipokwisha, kazi ya kuzuia maji ilianza. Nilifagia vumbi lote, maana utando haushiki juu ya vumbi. Nilipaka praima, rangi nyepesi ya kwanza ambayo hunywewa na ukuta na kuuandaa. Kisha katika kila pembe, ukuta unapokutana na ukuta na ukuta unapokutana na sakafu, nilibandika utepe wa kitambaa ndani ya dawa yenyewe, kwa sababu pembe ndipo nyumba inapojongea, na utando usio na kitambaa hupasuka hapo kwanza. Kuzunguka mabomba na tundu la kutolea maji nilifanya vivyo hivyo. Halafu nikapaka utando wa kwanza kwa brashi pana, nikienda kushoto na kulia. Ulipokauka nikapaka wa pili, wa rangi nyingine, nikienda juu na chini, ili brashi ya pili ipitie mahali palipoachwa na ya kwanza, na ili jicho lione upesi palipo na upungufu. Sakafu nilikuwa nimeiinamisha kuelekea tundu, sentimita 2 kwa kila mita, na mlangoni nikaweka kizingiti kifupi kilichopakwa utando ule ule.

Utando ulipokauka kabisa ndipo ilipofika siku niliyoiogopa. Mzee alisema, "Sasa tuyaite maji yenyewe yatoe hukumu." Tuliziba tundu kwa kizibo cha mpira, tukamimina maji katika sakafu ile ya mita moja kwa mita moja hata yakafika kina cha wastani wa sentimita 3, yaani lita 30, ndoo moja na nusu. Nilichora kwa penseli mstari ukutani pale maji yalipofika. Kisha tukafunga mlango, na tukaamua yakae saa 24.

Usiku ule sikulala. Shangazi alikuwa amerudi chumbani kwake siku ile, kwa kuwa dari ilikwisha tengenezwa, nami nilimsihi alale juu usiku mmoja zaidi. Alikataa. Alisema, "Kama umefanya kazi, nitalala. Kama hukufanya, ni bora nijue mimi kwanza." Mara mbili nilisimama katika ngazi gizani nikisikiliza. Nilisikia mlango wa jirani, nikasikia paka, nikasikia saa ya ukutani. Tone sikulisikia, lakini moyo wenye hatia husikia matone popote. Asubuhi niliingia bafuni. Maji yalikuwa yamelala pale pale penye mstari, pengine yamepungua upana wa uzi kwa mvuke. Nilibisha hodi kwa shangazi. Alinikaribisha ndani, nikatazama juu. Dari ilikuwa kavu na nyeupe. Tulingoja saa 24 zitimie, nikatazama tena, ikawa vile vile. Lakini beseni lilikuwa pale pale, kando ya kitanda, tupu. Aliona ninavyolitazama, akasema, "Nitaliondoa, mwanangu. Usinihimize."

Yaliyobaki nayaeleza kwa ufupi. Sinia tulilikalisha juu ya tandiko zima la udongo wa saruji, pasipo nafasi tupu hata moja, tukalipima kwa pima maji. Nilicheza juu yake kama mtoto, halikutikisika. Vigae vilikuja baadaye, juu ya ukingo wa sinia, vikaacha nafasi ya milimita 3. Gundi niliipaka kwa mwiko wenye meno, na kila kigae nilikisukuma hata nyuma yake pasibaki hewa. Grauti nilijaza baina ya vigae tu. Katika pembe, na baina ya kigae na sinia, sikutia grauti, maana ni ngumu na haivumilii kujongea. Huko nilitia silikoni, juu ya mahali pakavu na safi. Kabla ya kuipaka niliweka ndani ya sinia ndoo tatu zilizojaa maji, kiasi cha uzito wa mtu, na nikaziacha humo mpaka silikoni ilipokauka. Kwa hiyo ilikauka sinia likiwa limelemewa. Na kama lingejongea hata kidogo baada ya hapo, ingebanwa tu, isivutwe.

Nilisema mwanzo kwamba nilijisifu kwa methali. Methali haikusema uongo, bali mimi niliisoma nusu. Niliziba ufa, na bado nikajenga ukuta, kwa sababu niliouziba ulikuwa kivuli cha ufa. Nawe, msomaji, utakutana na nyufa nyingi zisizo za bafu. Mwanafunzi akishindwa mtihani hununua kalamu mpya. Ndugu wakigombana huletwa mezani chai na biskuti, na neno lililowagombanisha likaachwa chini ya meza. Kila ufa unaorudi mara tatu mahali pale pale unakupigia kelele kwamba chini yake kuna kitu kinachojongea. Acha mrija wa silikoni, kanyaga, uinamishe jicho, utazame.

Lakini kama kumbukumbu yako itashika jambo moja tu katika insha hii, sitaki liwe la saruji wala la silikoni. Nataka liwe hili: kosa la mtu aishiye juu huanguka juu ya aishiye chini. Mimi nilioga katika bafu zuri miaka minne. Maji yangu machafu yalimwangukia mwingine, naye alinyamaza kwa mapenzi, na mimi nikaudhani ukimya wake kuwa ni amani. Wapo watu chini yako pia, hata kama nyumba yenu haina ghorofa: mdogo wako anayekuogopa, mtumishi asiyeweza kukujibu, rafiki asiyetaka kukuharibia furaha yako. Hao hawatapanda ngazi kuja kukuambia. Shuka wewe, ubishe hodi, uulize kama dari yao ni kavu.

Shangazi yangu hakuliondoa beseni lile mwezi ule, wala mwezi uliofuata, na sikumhimiza. Mvua za vuli zilikuja zikapita. Siku moja ya Desemba nilipoteremka kumwamkia, nilimkuta uani ameketi juu ya kibao, amekunja mikono ya kanzu yake, anafua kanga ndani ya beseni, na povu limemfika viwikoni. Nilimwambia, "Shikamoo, shangazi." Aliitika, "Marahaba," kisha akanionyesha kwa kidevu kamba ya kuanikia iliyolegea, akaniomba nimkazie.